Namna ya Kuwapasha Wazazi Habari za Masomo, Gredi ya Nne hadi ya Sita: Mwongozo kwa Walimu wa Lamu

Mwalimu anayefundisha gredi ya nne, ya tano au ya sita hapa Amu, yaani Lamu, hukutana na swali moja kila mwisho wa muhula, nalo huulizwa hata kabla ripoti haijafunguliwa: "Mwalimu, amekuwa wa ngapi?" Swali hilo lina sababu yake. Wazazi wengi walisoma chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ambapo mtoto alipangwa kwa nafasi darasani, na mtihani wa KCPE wa darasa la nane ndio uliokata shauri. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi (CBC) ulioshika mahali pake haumpangi mtoto kuwa wa kwanza wala wa arobaini. Mzazi asipopewa kitu kingine cha kushika, ataendelea kuuliza lile alilolizoea, na jibu lolote atakalopata halitamsaidia kufanya jambo nyumbani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumpa mzazi habari za kujifunza kwenyewe: mtoto anasoma nini wiki hii, amefika wapi, amekwama wapi, na nyumbani pafanywe nini, wakati ambapo bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Gredi hizi tatu zinahitaji uangalifu zaidi kuliko zile za chini, kwa sababu kuanzia gredi ya nne masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mama wa Langoni aliyekuwa akikaa na binti yake jioni juu ya kitabu cha hadithi cha gredi ya pili, akimsahihisha matamshi, hukuta ghafla daftari la sayansi ambalo hawezi kulisoma, akalifunga na kumwachia mtoto mwenyewe. Hajapunguza upendo wala bidii, amefungiwa mlango. Kwa hiyo, hata kama fomu ya ripoti imechapishwa kwa Kiingereza, kila habari inayotoka kwako kwenda nyumbani iandikwe au isemwe kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kawaida ambacho bibi wa mtoto atakielewa kikisomwa kwa sauti. Iwapo darasani una mtoto wa nyumba ya Kiorma au ya Kipokomo ambamo Kiswahili hakijashika sana, mtafute mtu mzima wa nyumba hiyo anayekijua, na usimfanye mtoto kuwa mkalimani wa habari zinazomhusu yeye mwenyewe.

Ijue nyumba kwanza

Wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza, tenga daftari moja la mawasiliano na umpe kila mtoto ukurasa wake. Andika anaishi na nani, nani humtazamia vitabu, simu ipatikanayo ni ya nani, ni simu ya kutumia WhatsApp au ni ndogo ya vibonyezo, na ni saa ngapi mtu huyo hupatikana. Habari hizi usizichukue kutoka kwenye sajili ya shule peke yake, kwa sababu sajili hutaja baba na mama, ilhali watoto wengi wa Faza, Siyu au Kizingitini wanaosoma mjini hukaa kwa bibi au kwa shangazi, na wengine baba zao wako Mombasa au nchi za Ghuba. Ujumbe ukienda kwa baba aliye mbali, atafurahi kuupata na atapiga simu usiku kuuliza, lakini anayeona kama mtoto amefungua kitabu ni yule shangazi. Waandikie wote wawili.

Saa nazo zina maana kubwa hapa kwetu. Mvuvi hufuata maji kujaa na kupwa, wala huwezi kumtazamia saa nane mchana kwa sababu tu ni saa inayokufaa wewe. Mama anayeuza mahamri asubuhi huwa na nafasi baada ya adhuhuri. Baina ya magharibi na isha watu wengi wako katika ibada au watoto wako chuoni, yaani kwenye masomo ya Qurani, na ujumbe unaofika wakati huo husahauliwa. Nimeona kwamba Alhamisi baada ya alasiri ndio wakati unaosomwa zaidi, kwani mwisho wa juma uko mbele na mtoto atakuwa nyumbani.

Barua ya wiki

Msingi wa kazi yote ni barua fupi moja kwa wiki, ile ile kwa wazazi wote wa darasa. Iandike kwenye karatasi nusu kwa wasio na simu kubwa, na uitume pia katika kundi la wazazi, ikifuatana na ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili, kwa ajili ya wasioweza kusoma au wasio na muda wa kusoma. Isiwe orodha ya mada kumi. Chagua masomo mawili au matatu, useme watoto wanafanya nini, kisha utoe jambo moja la kufanya nyumbani lisilohitaji pesa wala elimu ya shule. Mfano wa gredi ya tano ni huu:

"Salamu kwenu wazazi. Wiki hii katika hisabati tunajumlisha sehemu, kama vile nusu na robo. Katika Kiswahili tunaandika insha ya maelezo, na kila mtoto anaeleza mahali anapopajua vizuri. Nyumbani, mwulize mwanao: nusu ya mkate na robo ya mkate zikiwekwa pamoja ni kiasi gani cha mkate? Mwache aoneshe kwa kukata. Asipoweza, msimkemee, niandikieni tu kwamba hakuweza, nami nitalishughulikia."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, na nakusihi isiondolewe. Humjulisha mzazi kwamba kazi ya kufundisha imebaki kwa mwalimu, na kwamba kazi yake yeye ni kutazama na kuleta habari. Wazazi wengi hukaa mbali na shule kwa kuhofia kwamba wataulizwa jambo wasilolijua, na hofu hiyo ikiondoka huanza kujibu.

Kazi za mradi zitangazwe katika barua hiyo hiyo, wiki nzima kabla ya siku yake. Malalamiko makubwa ya wazazi juu ya mtaala huu yametokana na mtoto kukumbuka saa mbili usiku kwamba kesho anatakiwa na vifaa, na mama kuzunguka maduka ya Usita wa Mui kutafuta karatasi za manila. Ukisema mapema, na ukitaja kwamba vifuu vya nazi, ukili, chupa tupu na maboksi ya dukani yanatosha, gharama itapungua na ugomvi hautakuwapo.

Habari za mtoto mmoja mmoja

Barua ya wiki haiwezi kumwambia mzazi habari za mwanawe. Hapa walimu wengi hukata tamaa kwa sababu ya wingi wa watoto, lakini hesabu yenyewe si kubwa. Katika darasa la watoto 40, ukiwaandikia wazazi wa watoto wawili kila siku ya shule, utakuwa umezifikia nyumba zote katika wiki 4, na kwa muhula mmoja kila nyumba itakuwa imesikia kutoka kwako zaidi ya mara moja. Ufuate utaratibu wa daftari lako, usichague kwa hisia. Anayeachwa kwa hisia huwa ni yule mtoto wa katikati, mpole, asiyesumbua wala kung'ara, ambaye anaweza kumaliza mwaka mzima bila ya nyumbani kwao kujua lolote.

Ujumbe wenyewe uwe na kitu ulichokiona kwa macho. Kuandika "Mwanao ni mzito katika hisabati" ni kutoa hukumu isiyo na mlango wa kutokea. Linganisha na huu: "Jana mwanao alijumlisha nusu na robo akapata mbili kwa sita, kwa sababu alijumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Hakuona kwamba jibu hilo ni dogo kuliko nusu aliyoanzia. Leo amekunja karatasi katika sehemu nne sawa, akaona mwenyewe kwamba nusu ni robo mbili, na ukiongeza robo moja unapata robo tatu. Mkipika mkate wa sinia, mwachieni yeye aukate, na mwulizeni kila kipande ni sehemu gani ya mkate wote." Baba wa mtoto huyo huenda hajui hata jina la mada hiyo kwa Kiingereza, lakini sasa anajua kosa liko wapi, anajua kosa hilo lina mantiki yake, na ana jambo la kufanya Ijumaa jioni na mkate mezani. Kuandika ujumbe wa namna hii huchukua dakika chache zaidi, nao pia humlazimisha mwalimu kutazama daftari la mtoto kwa makini kabla ya kuandika, jambo ambalo peke yake lina faida.

Usiandike habari mbaya tu. Mtoto aliyeandika aya moja nzuri kuhusu mafundi wanaochonga jahazi Matondoni, akataja msumari, pamba na mafuta ya kuzibia mianya kwa mpangilio wa kazi inavyofanywa, aandikiwe nyumbani kwamba ameweza kupanga mawazo yake, na sentensi yake moja inukuliwe. Mzazi anayepokea simu ya shule kwa shari tu huzoea kutoipokea.

Kuna hadhari ambayo sharti kila mwalimu aiweke moyoni. Baadhi ya nyumba zikisikia kwamba mtoto amekosea humpiga, hata kama ujumbe ulikuwa wa upole. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumchapa mtoto shuleni, na haitakuwa na maana kwamba sisi tumeweka kiboko chini kisha tunapeleka sababu za kiboko nyumbani. Ukiishuku nyumba ya namna hiyo, usiandike kosa. Andika hatua inayofuata peke yake, na yaliyobaki uyaseme ana kwa ana kwa yule mtu wa nyumba unayemwamini.

Viwango vinne na tathmini za taifa

Mkutano wa kwanza wa mwaka utumike kueleza viwango vinne vya ripoti, yaani kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa mbali na matarajio. Usivisome tu. Chukua kazi moja, mathalani kusoma kifungu na kujibu maswali, uweke ubaoni majibu manne ya namna nne, bila jina la mtoto yeyote, na uwaulize wazazi wao wenyewe yapi yafikia na yapi yakaribia. Baada ya zoezi hilo, mzazi anayesoma kwamba mwanawe "anakaribia" katika kuandika Kiingereza hudhani kitu kilicho karibu na ukweli, na wala hadhani kwamba mtoto ameanguka au amefaulu.

Wazazi wa gredi ya sita waelezwe mapema juu ya KPSEA, tathmini ya mwisho wa shule ya msingi ambayo ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Mambo matatu yanatosha. La kwanza, hakuna mtoto anayezuiwa kuingia gredi ya saba kwa sababu ya matokeo yake. La pili, matokeo hayo hayatupwi: katika kumpangia mtoto shule ya gredi ya kumi, KPSEA huhesabiwa asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane asilimia 20, na ile ya mwisho wa gredi ya tisa asilimia 60. La tatu, katika gredi ya nne na ya tano pia kuna tathmini za shuleni ambazo alama zake hupelekwa kwa Baraza la Mitihani la Kenya, kwa hiyo mtoto kukosa shule siku hizo bila sababu nzito ni hasara kwake. Mzazi anayejua haya hatatoa pesa za chakula kulipia masomo ya ziada kwa hofu, wala hataichukulia tathmini kama mchezo.

Mikutano na mazungumzo ya ana kwa ana

Siku ya mkutano ipangwe kwa kutazama kalenda zote mbili, ya shule na ya Kiislamu, na maji pia. Ijumaa haifai. Mwezi wa Ramadhani mkutano uwe asubuhi na uwe mfupi. Wiki ya Maulidi, mji unapojaa wageni, usiite mtu. Na ikiwa wazazi wako wengine wanatoka upande wa Pate, kumbuka kwamba mlango wa bahari wa Mkanda hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Muulize nahodha yeyote gatini kabla ya kuandika saa kwenye barua. Mwakilishi wa wazazi wa darasa lako katika kamati ya Chama cha Wazazi ashirikishwe katika kupanga, kwani yeye ndiye ajuaye nani ana harusi na nani ana matanga.

Katika mkutano wenyewe, njia iliyo bora kuliko zote nizijuazo ni kumwachia mtoto aeleze. Kila mtoto aweke katika jalada lake kazi tatu za muhula: moja anayoionea fahari, moja iliyomshinda, na moja aliyoirekebisha. Siku ya wazazi akae na mzazi wake kwa dakika kumi, afungue kazi moja moja na kueleza kwa Kiswahili alichokusudia, alichokosea na alichobadilisha, huku mwalimu akipita baina ya madawati na kusikiliza. Bibi ambaye hajapata kushika kalamu maishani husikia mjukuu wake akieleza kwa nini maji ya chumvi yakichemshwa huacha chumvi chini ya sufuria, naye huuliza maswali makali kuliko ya mkaguzi, kwa sababu chumvi anaijua. Mtoto asiyeweza kueleza kazi yake huonekana papo hapo, na mzazi huona mwenyewe, bila ya mwalimu kumshitaki mtu. Watoto wafanyishwe mazoezi ya mazungumzo hayo wiki moja kabla, wawili wawili, ili siku ikifika wasione haya.

Habari nzito, kwa mfano mtoto wa gredi ya nne ambaye bado hawezi kusoma sentensi nzima, zisiende kwa ujumbe wala zisingoje ripoti. Mfuate mzazi. Lakini usizungumze barazani, wala mlangoni mwa msikiti, wala gatini. Mji wetu ni mdogo, na neno la asubuhi Mkomani huwa limefika Gadeni kabla ya adhuhuri, na mtoto atalisikia kwa wenziwe. Mwite shuleni, au nenda nyumbani kwa miadi. Mwalimu mwanamume anayekwenda kuonana na mama aende na mwalimu mwanamke, apige hodi na kungoja dakani, na aombe kaka au mtu mzima mwingine wa nyumba awepo. Kina mama wengi wana mengi ya kusema juu ya watoto wao, na hawayasemi kwa sababu mazungumzo hayakuwekwa mahali ambapo wanaweza kusema kwa heshima yao.

Anza kwa kuuliza kabla ya kueleza. Mtoto anayeonekana shuleni kuwa hashiki kitu, huenda baba yake akakwambia kwamba chuoni amehifadhi juzuu tatu na hakosi. Habari hiyo ni ya thamani kwa mwalimu: kumbukumbu ipo, sikio lipo, kizuizi kiko katika kusoma herufi za Kilatini au katika lugha yenyewe, na njia ya kumsaidia hubadilika. Nenda ukamwone na mwalimu wake wa chuo. Mnamfundisha mtoto mmoja, na mkipatana juu ya saa zake za jioni, mtoto hatalemewa na kazi za pande mbili.

Picha na siri za mtoto

Kundi la wazazi si mahali pa kutaja alama, makosa wala utoro wa mtoto kwa jina; humo huwekwa barua ya wiki na matangazo tu. Picha za watoto wakiwa darasani zisirushwe kabla ya mzazi kukubali, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini hiyo ya mzazi au mlezi. Ichukue kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka, katika ukurasa ule ule wa daftari la mawasiliano, na anayekataa asishurutishwe wala mtoto wake asitengwe wenzake wanapopigwa picha. Piga picha ya kazi yao badala ya nyuso.

Muhula wa tatu unapokaribia kwisha, pitia daftari lote na uandike chini ya kila ukurasa mistari mitatu: kile kilichomsaidia mtoto, mtu wa kumpigia simu katika nyumba hiyo, na saa anayopatikana. Mpe daftari hilo mwalimu wa gredi inayofuata mkononi kabla ya kufunga shule, mkae naye mlipitie pamoja, na uwaandikie wazazi katika barua ya mwisho jina la mwalimu huyo ili Januari wajue wa kumtafuta.